Kulea Mimba Nako Ni Kazi

Wahenga wetu wamesema: Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii twaisikia harusini, twaisikia barazani, na mara nyingi twaisikia kinywani mwa mume ambaye mkewe amemwomba amsaidie kuteka maji. Kwa upande mmoja ni methali ya kweli. Miezi tisa ni michache, lakini miaka ya kumlisha mtoto, kumtibu, kumsomesha na kumfundisha adili ni mingi. Aliyeitunga alitaka kumwonya kijana asijivunie kupata mtoto kabla hajajua kumlea. Hapo hatuna ubishi naye.

Lakini methali ni kama kisu: yaweza kushikwa upande wa makali. Wako watu walioishika nusu yake ya kwanza wakaisahau ya pili. Hao hudhani ya kuwa mimba hujilea yenyewe, kama muhogo ulioachwa ardhini, na ya kuwa kazi ya wazazi itaanza siku mtoto atakapolia. Basi leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali hili: je, wajibu wetu kwa mtoto huanza siku tunapomwona, au huanza kabla? Na kama huanza kabla, tutawezaje kumtendea haki mtu ambaye hana jina, wala hajaonekana uso, na ambaye pengine hata mama yake hajajua kwamba yupo?

Tusiwacheke wazee wetu kwa kutokujua mambo ya tumboni. Wenye hekima wa dunia nzima hawakuyajua. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alivunja mayai ya kuku siku baada ya siku ili aone kifaranga kinavyoumbika, akaliona pigo la moyo kama kidoa cha damu kinachorukaruka. Lakini juu ya mwanadamu alifundisha kwamba mtoto wa kiume hupata umbo lake yapata siku ya 40, na wa kike yapata siku ya 90. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifuata elimu iliyokuwapo, akasema kwamba roho yenye akili hutiwa mwilini baadaye, mwili ukiisha kutengenezwa. Kanisa halikuacha hata hivyo kukataza mimba isitolewe, ama iwe changa ama iwe pevu.

Ujuzi ulikuja polepole. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer alifaulu kuliona yai la mnyama anyonyeshaye. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alitazama mbegu na yai la mnyama mdogo wa baharini, akaona jinsi viini vyake viwili vinavyoungana kuwa kimoja. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake huko Glasgow, Uingereza, walitangaza namna ya kumtazama mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti, pasipo kumdhuru yeye wala mama yake. Mambo yaliyokuwa gizani tangu kuumbwa kwa dunia sasa yaonekana kwenye kioo katika hospitali zetu nyingi.

Yaonekana nini? Tufuate mwezi kwa mwezi. Madaktari huhesabu majuma 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sisi hapa tutahesabu tangu kutungwa kwa mimba yenyewe, ambako ni yapata majuma mawili baada ya siku hiyo.

Katika mwezi wa kwanza, mbegu ya baba na yai la mama huungana, na kila upande huleta nyuzi 23 za urithi. Hapo hapo huamuliwa kama atakuwa mvulana au msichana, na mengi juu ya rangi ya macho yake na kimo chake. Kitu hicho ni kidogo kama nukta ya kalamu. Husafiri katika mrija kwa siku kadhaa, na yapata siku ya 6 au ya 7 huanza kujishikiza katika mfuko wa uzazi. Yapata siku ya 22 moyo huanza kupiga. Uti wa mgongo na ubongo huanza kama bamba jembamba linalojikunja likawa bomba, na bomba hilo hufungwa kabisa yapata siku ya 28. Mtoto ana urefu wa nusu sentimita hivi. Mama pengine amechelewa siku zake kwa majuma mawili, naye asema labda ni uchovu wa kulima.

Mwezi wa pili huota mikono na miguu, kwanza kama vifundo, kisha vidole hutengana. Macho, masikio, pua na midomo hupata mahali pake. Mwezi ukiisha, mtoto ana sentimita 3 hivi, na viungo vyake vyote vikubwa vimekwisha kuanza. Mwezi wa tatu figo zake hufanya kazi, naye hujinyoosha na kugeuka, ingawa mama hasikii lolote. Jinsia yake huanza kuonekana kwa nje. Mwezi wa nne mistari ya vidole, ile itakayomtofautisha na watu wote wa dunia, imekwisha kuchorwa.

Kati ya mwezi wa nne na wa tano mama humsikia akicheza. Furaha ya siku hiyo haielezeki. Lakini tuangalie: mtoto hakuanza kucheza siku hiyo. Alikuwa akicheza tangu zamani, nasi tulikuwa hatujapata habari. Mwezi wa tano ukiisha ana nusu kilo na ushei. Mwezi wa sita masikio yake husikia, na sauti anayoisikia zaidi ni ya mama yake. Mapafu yake huanza kutengeneza utelezi utakaoyasaidia kuvuta hewa. Mwisho wa mwezi huo ana kilo moja hivi, na akizaliwa mapema aweza kuishi, iwapo yupo karibu na hospitali yenye wauguzi hodari na vyombo vinavyofaa. Mwezi wa saba hufumbua macho. Mwezi wa nane hutia mafuta chini ya ngozi, yatakayomkinga na baridi. Mwezi wa tisa hupokea kwa mama yake akiba ya madini ya chuma na kinga za magonjwa, hugeuza kichwa chini, na kwa kawaida hutoka akiwa na kilo 3 hivi.

Sasa msomaji atazame tena orodha hii, asiitazame kwa kustaajabu tu. Kazi zilizo kubwa kuliko zote zilifanyika lini? Moyo, ubongo, uti wa mgongo, mikono na miguu, vyote vilianza katika miezi miwili ya mwanzo. Miezi saba iliyofuata ni ya kukuza na kukamilisha. Lakini sisi watu hufanyaje? Katika miezi miwili ya mwanzo hatufanyi lolote, maana hatujaona. Tumbo likiwa kubwa ndipo tunapoleta kiti, ndipo tunaposema, "Mama huyu asibebe kuni." Twaanza kulinda nyumba wakati msingi na kuta zimekwisha kusimama.

Historia imetufundisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomide iliuzwa huko Ujerumani Magharibi, kisha katika nchi nyingine nyingi, ya kutuliza mishipa na kuleta usingizi. Wanawake wajawazito wakaimeza ili wapone kichefuchefu. Wengi waliamini kwamba tumbo la mama ni ngome, dawa haiwezi kumfikia mtoto. Dawa ilipoondolewa madukani mwezi wa Novemba 1961, watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamedhurika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila hiyo kabisa. Siku za hatari zilikuwa takriban kutoka siku ya 20 hadi ya 36 tangu kutungwa kwa mimba. Mama aliyeimeza katika mwezi wa sita hakumdhuru mtoto kwa namna hiyo. Mama aliyeimeza katika juma la nne, pengine hajajua kama ana mimba, alimdhuru.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, Wajerumani walizuia chakula kisifike miji ya magharibi ya nchi hiyo, hata mgawo wa mtu mmoja ukashuka chini sana, na watu wapatao 20,000 wakafa. Miaka mingi baadaye madaktari waliwachunguza watu waliokuwa matumboni wakati wa njaa ile. Wale ambao njaa iliwakuta katika miezi ya mwisho walizaliwa wadogo, na kila mtu aliona. Wale ambao njaa iliwakuta katika miezi ya mwanzo walizaliwa na uzito wa kawaida, na watu wakadhani wamepona. Lakini walipokuwa watu wazima wa miaka 50, ndio walioonekana kuugua moyo zaidi kuliko wenzao. Deni lile lilikaa nusu karne kabla ya kudaiwa.

Mfano wa tatu tunao hapa kwetu. Wako watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, na wengi wa hao hupata baadaye kichwa kikubwa. Ni lile bomba la uti wa mgongo lisilofungwa kabla ya siku ya 28. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 7: wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hii walipopewa vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo, balaa hilo lilipungua kwa asilimia 72. Foliki hiyo hiyo imo katika maharage, mchicha, majani ya kunde na machungwa. Ndiyo maana Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 ya kutia foliki katika unga wa viwanda vikubwa. Lakini familia inayosaga mahindi yake katika mashine ya kijijini haiipati kwa njia hiyo, na kidonge kinachotolewa kliniki katika mwezi wa tano hakiwezi tena kuufunga mgongo.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Mtu aweza kusema, "Siwezi kuwa na wajibu kwa mtu nisiyejua kama yupo. Nikiambiwa nina mtoto, nitamtunza. Kabla ya hapo nina hatia gani?" Maneno haya yana sura ya haki, lakini tuyapime. Mkulima anataka kuchoma pori lake. Hajui kama wamo watoto wachungaji waliolala kivulini. Je, atawasha moto kwa kuwa hajui? Mtu mwenye dhamiri atazunguka kwanza, ataita kwa sauti, na asipokuwa na hakika atangoja. Kutokujua hakumpi ruhusa; kunamtaka awe mwangalifu zaidi. Na mtu akijua kwamba kila siku watoto hupita katika pori lile, wajibu wake ni mkubwa zaidi, ijapokuwa hamjui hata mmoja wao kwa jina.

Mume na mke wanaoishi pamoja wanajua kwamba mtoto aweza kuja. Walikubali jambo hilo mbele ya altare, walipoulizwa kama wako tayari kuwapokea watoto kwa mapendo. Basi nyumba yao ni njia ambayo mtoto hupita bila kupiga hodi. Haki yataka wakae kama watu wanaotarajia mgeni. Hatuwezi kungoja kuona ndipo tupende, kwa sababu mapendo yanayongoja kuona, kwa mtoto huyu, yamekwisha kuchelewa. Mwaka 1987 Baraza la Mafundisho ya Imani la Roma lilifundisha kwamba mwanadamu astahili kuheshimiwa kama nafsi tangu kutungwa kwake. Wengi wetu twalikubali fundisho hilo upesi linapotajwa dhidi ya kutoa mimba. Lakini fundisho hilo lina upande wa pili. Anayestahili heshima astahili pia chakula. Mtu aliye hodari wa kuwahukumu wengine, na huku mkewe mwenye mimba hana damu ya kutosha kwa kukosa mboga na vidonge, huyo ameshika nusu ya fundisho, kama wale walioshika nusu ya methali.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja wazi, ili maneno yetu yasigeuzwe fimbo ya kumpigia mama. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi ya mwanzo, au zaidi, huharibika kwa sababu nyuzi zile za urithi hazikukaa sawa tangu mwanzo. Mama hakufanya kosa. Hakurogwa, wala jirani hakumtazama kwa jicho baya. Hata mgongo wazi hutokea pengine katika nyumba iliyojitahidi kwa kila namna. Mama wa namna hii ahitaji kufarijiwa, mkwe anayemwuliza, "Ulikula nini?" amwongezea msiba juu ya msiba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Tena, mama hailei mimba peke yake. Chakula chake hutoka katika mfuko wa nyumba, na mara nyingi ufunguo wa mfuko huo umo mkononi mwa baba. Maji anayobeba, saa anazolala, amani au hofu anayokaa nayo, hayo yote huamuliwa na watu wa nyumbani mwake. Mwanamume anayempiga mke mwenye mimba awapiga watu wawili. Mwanamume anayempimia gongo ili awe na mwenzake wa kunywa ampimia na mtoto, maana pombe hupita katika kondo la nyuma, wala hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa salama.

Injili ya Mtakatifu Luka yatuonyesha namna iliyo njema. Bikira Maria aliposikia kwamba Elizabeti, jamaa yake aliyekuwa mzee, yu katika mwezi wa sita, alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima, akakaa naye yapata miezi mitatu. Twapenda kuzikumbuka salamu zao na wimbo wake. Lakini miezi mitatu ni mirefu kuliko wimbo. Katika nyumba ya mwanamke mzee mwenye mimba pana maji ya kuteka, nafaka ya kusaga na moto wa kuwasha. Kanisa halikuyaona mambo hayo kuwa madogo. Limeyawekea sikukuu, tarehe 31 Mei.

Basi yatupasa kufanya nini? Wanaotarajia ndoa, na walio katika ndoa, wazoee kula maharage na mboga za majani, watumie chumvi yenye madini joto, na mke aulize mapema katika zahanati habari za vidonge vya foliki, asingoje kichefuchefu. Mama akikosa siku zake aende kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na mume aende naye. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri aonane na wahudumu walau mara 8 hata kujifungua. Alale katika chandarua kila usiku, maana vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma na kumnyang'anya mtoto chakula. Tangu mwezi wa nne, pale penye malaria, apokee vidonge vya SP kama wahudumu watakavyomwelekeza. Asimeze dawa yoyote, ya dukani wala ya miti shamba, bila kumwuliza mtaalamu. Nyumba iweke fedha ya safari mapema, ili usiku wa uchungu usiwe usiku wa kutafuta mkopo. Na jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukusanyika upesi kwa msiba, zijifunze kukusanyika kwa mimba: mmoja alete maji, mwingine kuni, mwingine awatazame watoto wadogo.

Mama Kanisa amehesabu miezi hii katika kalenda yake. Tarehe 25 Machi twaadhimisha siku Bikira Maria alipopashwa habari, na tarehe 25 Desemba twaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana: miezi tisa kamili. Katika Desemba makanisa hujaa. Katika Machi wengi wetu hatukumbuki hata ni siku gani, wala pangoni hakuna mtoto wa kutazamwa. Lakini aliyezaliwa Desemba ndiye yule yule aliyekuwapo Machi, mdogo kuliko punje ya haradali, asiyejulikana na mtu yeyote duniani ila mama yake.

Wazee walisema kweli kwamba kulea mwana ni kazi. Sisi tuongeze neno moja, ili wanetu wasiishike methali upande wa makali: kazi hiyo huanza pamoja na mimba, na mwenye busara huitengenezea njia kabla haijaanza.